Sahihi ya Mzungukaji

Habari ile Batholomeo aliipata mnadani, mdomo ukiwa umejaa nyama.

Alikuwa ameketi kwenye benchi la mchoma nyama, ubavu wa mbuzi uko mbele yake juu ya ubao, chumvi na pilipili pembeni. Saa sita na nusu mchana, jua la Juni lisilochoma lakini linakausha midomo. Shemeji yake Gideoni, mume wa mdogo wake Zipora, akatokea katikati ya ng'ombe, fimbo mabegani, miguu myeupe kwa vumbi mpaka magotini.

"Mbukwa, shemeji! Serikali inakula mbuzi peke yake? Ndiyo maana ndege wanatumaliza."

"Kaa ule, acha maneno. Umekuja lini?"

"Nimefika jana usiku. Nimetembea siku mbili na madume matatu." Gideoni akakata kipande kikubwa kuliko vyote, akakikagua, akakila. "Dada yako mzima. Amenenepa. Maziwa ya Isanza mazito, shemeji, ukiyatikisa kidogo tu yamekuwa siagi."

"Isanza ipi?"

"Ziko ngapi? Pale kichakani, upande wa magharibi, penye kisima cha mchanga. Mtama bado uko shambani, ng'ombe tungewaweka wapi? Tumehamisha kambi nzima. Mama mzee yuko huko, Zipora yuko huko, watoto wote."

"Tangu lini?"

Gideoni akahesabu kwa vidole vyenye mafuta. "Leo siku ya kumi na nane."

Batholomeo aliacha kutafuna. Nyama ikabaki shavuni kama kipande cha mpira.

Kazi yake ilikuwa kuhesabu ndege. Kila mwaka mtama unapoanza kuwa mwekundu, kwelea kwelea hushuka kwenye uwanda wote huu kama moshi, na mtu mmoja lazima aende kutafuta wanakolala. Mtu huyo ni yeye. Hukaa juu ya kichuguu jua linapozama, akatazama makundi yakiingia kichakani, akakadiria ni laki ngapi. Kisha huchora mstari mwekundu kwenye ramani kuzunguka kichaka na kujaza fomu. Ndege ya serikali huja siku iliyopangwa, wakati ndege wamekwisha kulala, ikamwaga dawa juu yao.

Kichaka cha Isanza alikihesabu siku kumi zilizopita. Chini ya fomu kuna masanduku mawili ya sahihi. La kwanza ni la mhesabuji. La pili ni la mzungukaji, yaani mtu anayekizunguka kichaka chote kwa miguu, akitafuta moshi, visima, mizinga, nyayo za watoto, na kuandika kama kuna watu. Zamani walikuwa wawili, yeye na Elisante. Mwaka tisini na saba ofisi ilipunguza wafanyakazi, Elisante akaenda nyumbani, lakini fomu haikupunguzwa. Mwaka wa kwanza Batholomeo alihesabu na kuzunguka. Mwaka wa pili vilevile. Mwaka wa tatu vichaka vilikuwa saba na magoti yalikuwa yameanza kuuma, akasaini masanduku yote mawili akiwa juu ya kichuguu. Hakuna aliyeuliza. Tangu hapo ikawa ndiyo kazi yenyewe.

Siku kumi zilizopita alikaa upande wa mashariki wa Isanza, akaandika: ndege laki sita, hakuna watu. Akasaini mara mbili. Upande wa magharibi, mwendo wa nusu saa kwa miguu, dada yake alikuwa anakamua ng'ombe.

Na ndege ya dawa ilikuwa inakwenda Isanza jioni ya leo, siku hii ya mnada.

"Shemeji, umekwamwa?" Gideoni akauliza. "Kunywa maji."

"Inuka," Batholomeo akasema. "Inuka twende."

*

Gari lisingesaidia. Kutoka Dodoma mpaka Isanza ni kupita Bahi, kulizunguka bwawa lote, kuvuka mito miwili ya mchanga. Lori la mnada huchukua saa tisa likiwa na bahati, na ndege ilikuwa iruke saa kumi na mbili kamili. Isanza yenyewe haikuwa na simu, hata kwa kupanda mtini.

Akajitenga na Gideoni, akampigia Tumsifu, mkuu wa unyunyizaji, aliyekuwa amepiga kambi na rubani kwenye kiwanja cha vumbi upande wa Singida.

"Futa Isanza," Batholomeo akasema. "Kuna watu."

"Si wewe uliyeandika hakuna?"

"Wamehamia juzi," akasema. Uongo ulitoka wenyewe, bila kusukumwa.

Tumsifu akashusha pumzi. "Sikiliza, bwana Batholomeo. Mwaka jana nilipigiwa simu hivi hivi. Kuna watu, kuna watoto, kuna ajuza hawezi kutembea. Nikazuia ndege. Kumbe ni warina asali wanaficha mizinga yao. Mtama wa vijiji vinne uliliwa, na mkubwa wangu akaniambia nikizuia tena kwa maneno ya simu, nikalime kwetu. Lete ramani mpya. Ya rangi, mstari mwekundu uonekane, muhuri uonekane, namba za pembeni zisomeke. Iweke kwenye stoo ya mtandaoni kama siku zote. Nikiiona, nampa rubani. Nisipoiona, anafuata aliyo nayo mkononi."

"Na ukiwaua watu?"

"Nitakuwa nimefuata karatasi uliyosaini wewe," Tumsifu akasema, si kwa ukali. "Fanya haraka."

Gideoni alisubiri nje. Ofisini bosi wake, Bi Generosa, alikuwa anafunga kabati. Akaitazama ramani mpya aliyoichora Batholomeo, Isanza ikiwa imefutwa kwa mkasi wa wino mwekundu, akauliza sababu. Batholomeo akasema tena kwamba wafugaji wamehamia juzi. Bi Generosa akapiga muhuri. Laini ya intaneti ya ofisi ilikuwa imekatika tangu wiki iliyopita, hivyo akamwambia aende Makole, kwenye kafe ya Mzee Anthony.

Saa nane na nusu waliingia kafeni, yeye na shemeji yake na fimbo yake.

*

Jengo lile zamani lilikuwa duka la ushirika. Rafu zilikuwa bado ukutani, ila badala ya sabuni na unga wa foleni palikuwa na kompyuta nane. Mzee Anthony alipopunguzwa kazi baada ya shirika la umma kuuzwa, mafao yake yote aliyaweka kwenye dishi na kompyuta hizo, watu wakamcheka. Sasa ndio waliopanga mstari mlangoni.

Msichana wa kafe aliitwa Elieth. Alikuwa mwembamba, penseli imechomekwa kwenye nywele, na hakuwa mtu wa kushtuka. Aliiskani ramani, akaingia kwenye stoo ya ofisi kwa neno la siri ambalo Batholomeo alilihifadhi kwenye kofia yake, kwenye karatasi ya sigara. Stoo yenyewe ilikuwa kwenye kompyuta za watu wa mbali, ng'ambo huko. Unaweka faili ukiwa Makole, mwenzako mwenye neno la siri analichukua popote alipo. Ofisi iliipenda kwa sababu ni ya bure, na ramani nzito hazipiti kwenye barua pepe.

Elieth akabonyeza. Mstari wa buluu ukajitokeza chini ya kioo, mfupi kama ukucha.

"Itachukua muda gani?" Batholomeo akauliza.

"Inasema saa kumi na tisa."

"Saa kumi na moja jioni?"

"Hapana, baba. Saa kumi na tisa za kusubiri."

Gideoni, ambaye hakujua kusoma lakini alijua kutazama nyuso, akauliza, "Shemeji, mbona umekuwa mweupe?"

Batholomeo akakigeukia kioo. Alikuwa hajamwambia. Njiani alisema tu kwamba kuna ramani ya kutuma, kisha wataondoka pamoja. Gideoni akaketi sakafuni, mgongo ukutani, akatoa ugoro.

Elieth akalipunguza faili. Alipolipunguza sana, namba za pembeni zikageuka madoa, akalirudisha juu kidogo, akalipunguza tena, mpaka likawa karibu robo ya lile la kwanza na namba zinasomeka ukikaza macho. Akalituma upya. Saa tano na dakika arobaini.

"Ni Bunge," akasema. "Wiki ya bajeti. Bunge likikaa, mtandao wa mji mzima unakufa. Kila mchana wiki hii ni hivi."

Kila kitu Dodoma husingiziwa Bunge: nyanya, vyumba vya kulala, maji ya bomba. Batholomeo alikubali, kisha akili ikagutuka. "Wabunge wanatumia dishi lenu?"

Elieth akamtazama. Akaitoa penseli kichwani, akaikwaruza mezani. "Hapana," akasema polepole. "Dishi ni letu peke yetu."

Basi wakaanza kutafuta. Kwanza akawasimamisha wateja. Kijana wa chuo aliyeitwa Jordan alikuwa anavuta nyimbo kutoka mtandaoni huku amefunika kioo kwa daftari.

"Dada Elieth, nimebakiza moja! Moja tu!"

"Ulibakiza moja tangu asubuhi. Toka."

"Nimepanga mstari tangu juzi, nikitoka leo nitarudi lini?"

"Utarudi ukiwa na adabu."

Wakacheka wote, isipokuwa Batholomeo. Kompyuta saba zikazimwa. Mstari wa buluu haukuongeza mwendo. Wakaiacha ile iendelee, wakajaribu kompyuta nyingine, labda ya kwanza ina virusi. Bado. Elieth akabadilisha waya wa hii ya pili, akaukunjua ule wa zamani na kuupitisha kati ya vidole kutafuta palipokatika. Bado. Akasema watazima modemu na kuiwasha. Batholomeo alimshika mkono. Mstari ulikuwa umefika sehemu ya tisa katika mia.

"Tukizima tunaanza upya?"

"Tunaanza upya. Stoo hii haikumbuki. Likikatika, limekatika."

Ukutani saa ilisema saa kumi kasoro dakika kumi.

Batholomeo aliijua dawa ile. Harufu yake ni kama kitunguu kilichooza kwenye mafuta ya taa. Mwaka mmoja, porini kwingine, upepo uliipeleka kwenye zizi la punda, na yeye ndiye aliyetumwa asubuhi kwenda kuona. Punda walikuwa wamelala na miguu imenyooka, mapovu mdomoni, macho wazi. Mmoja alikuwa bado anatetemeka ngozi, kama anafukuza nzi ambao hawapo. Hakuwahi kumwambia mtu jambo hilo. Sasa kila alipofumba macho, punda yule alikuwa na shanga za Zipora shingoni.

Ndege ikitokea, watoto watatoka nje ya kibanda kuitazama. Watoto wote hufanya hivyo. Watapunga mikono.

"Zima," akasema.

Elieth akazima, akahesabu mpaka thelathini, akawasha. Mstari ukaanza tena kwenye ukucha. Saa nne na nusu za kusubiri.

Akafungua ukurasa mwingine ambao Batholomeo hakuuelewa, wenye namba moja kubwa katikati. "Hii ni nguvu ya dishi," akasema. "Walipotufungia ilikuwa kumi na nne. Soma sasa."

"Tano."

"Ni ya chini, lakini asubuhi nakumbuka ilikuwa tisa." Akanyamaza, penseli mdomoni. "Kila siku asubuhi ni afadhali. Mchana baada ya saa nane inashuka. Saa nane kuna nini?"

Nje, nyuma ya jengo, maji yalikuwa yanachuruzika kutoka kwenye mpira.

Elieth akainuka ghafla mpaka kiti kikaanguka.

*

Uani palikuwa na mzabibu. Si mzabibu wa kawaida: shina nene kama mkono wa mtu mzima, matawi yamepandishwa juu ya chanja ya miti na waya, majani yametanda kama paa, na chini yake vishada vya kijani vimening'inia, bado vidogo kama mbegu za mpapai. Mzee Anthony alikuwa amesimama na mpira wa maji akiyaosha majani yake vumbi. Suruali ameikunja, ameloa mpaka magotini, ana furaha.

"Shikamoo, mzee," Batholomeo akasema kwa mazoea.

"Marahaba. Karibuni kivulini."

"Babu, dishi liko wapi?" Elieth akauliza, ingawa alijua.

Mzee Anthony akaonyesha kwa kidevu. Katikati ya majani, limefunikwa juu na pembeni kama mtoto ndani ya khanga, mdomo wa dishi ulionekana kidogo tu, unametameta maji.

"Mwezi wa nne nilipomaliza kupogoa niliyaelekeza matawi huku," akasema. "Jua la Dodoma linaua chuma. Lile tenki langu la kwanza lilipasuka kwa sababu ya jua. Nikasema hili ghali, hili nitalifunika. Na kila mchana nalimwagia kidogo lipoe."

Elieth akaweka mkono kichwani. "Babu, dishi linaangalia juu. Linaongea na kitu kilicho angani. Umeliwekea blanketi mbichi usoni."

"Lilikuwa linafanya kazi!"

"Wakati matawi hayana majani. Sasa ni msitu."

Mzee akazima maji. Akayatazama majani, akalitazama dishi, na uso wake ukafanya kazi kubwa. "Mnataka nini?"

"Tukate," Elieth akasema. "Upande wote huu, mpaka pale kwenye nguzo."

"Hapo ndipo penye matunda."

"Ndiyo, babu."

"Mwezi wa nane navuna. Mapadri wameshaniambia wanazisubiri zabibu kwa divai. Msubiri mwezi wa nane." Akamgeukia Batholomeo. "Na wewe bwana, ramani yako itafika hata kesho. Karatasi za serikali zina haraka gani? Nimekaa serikalini miaka ishirini na miwili, sikuona karatasi iliyokuwa na haraka."

Batholomeo akasema ni jambo la kikazi. Akasema ni amri ya mkoa. Mzee akacheka. Akasema yeye na mkoa hawadaiani, na akafungua maji tena.

Ilikuwa saa kumi na moja kasoro robo. Kivuli cha chanja kilikuwa kimeufikia ukuta wa pili. Gideoni alikuwa amewafuata uani, amesimama mlangoni na fimbo yake, anasikiliza kama mtu anayesikiliza kesi ya wengine.

Batholomeo alihisi mkojo unataka kumtoka. Miaka arobaini na sita, baba wa watoto watano, na mkojo unataka kumtoka.

"Mzee," akasema, "leo saa kumi na mbili ndege inaruka kwenda kumwaga sumu kwenye kichaka. Ndani ya kichaka kile yuko dada yangu na watoto wake na mama mkwe wake. Mimi ndiye niliyeandika hakuna watu. Sikwenda kutazama. Nilikaa upande mmoja nikasaini pande zote. Hawakuhamia juzi. Walikuwepo, sikuwatafuta. Ramani hii isipofika, watakufa kwa sahihi yangu."

Maji yalikuwa yanachuruzika tu.

Kisha fimbo ya Gideoni ikaanguka. "Kichaka gani?" akauliza. "Shemeji. Kichaka gani?"

"Isanza."

Gideoni hakumpiga. Batholomeo alitamani ampige. Alimsogelea mpaka pumzi yenye ugoro ikampiga usoni, akasema kwa sauti ndogo, "Umenilisha nyama," kisha akampita, akalishika tawi nene la mzabibu kwa mikono miwili na kulivuta kama anayemwangusha ndama.

"Usivute!" Mzee Anthony akapiga kelele. "Utang'oa dishi! Subiri!" Akatupa mpira, akakimbilia stoo, akarudi na mkasi wa kupogolea na panga. Panga akampa Gideoni, mkasi akabaki nao mwenyewe. "Anzia pale. Mimi naanzia hapa. Elieth, kaa kwenye kompyuta utuambie namba."

Wakakata. Vishada vilianguka chini kama shanga zilizokatika uzi, wakavikanyaga. Mzee alikata bila kusimama, huku midomo inacheza, na Batholomeo hakujua kama anasali au anatukana.

"Saba!" Elieth akapaza sauti kutoka dirishani. "Tisa! Kumi! Endeleeni!"

Mzee akavua shati, akalikausha dishi kwa shati hilo, taratibu, kama anayempangusa mtoto uso.

"Kumi na tatu!"

*

Saa kumi na moja na dakika nane faili lilianza upya. Sasa mstari ulikwenda. Haukukimbia, lakini ulionekana kwenda, na kompyuta ikasema dakika thelathini na mbili. Batholomeo alisimama nyuma ya kiti cha Elieth bila kupepesa. Gideoni alisimama nyuma ya Batholomeo. Hakuna aliyemgusa mwenzake.

Sehemu ya arobaini. Sehemu ya sitini. Kwenye themanini na moja mstari ukasimama. Elieth hakugusa kitu, akaweka mikono yote miwili mapajani kama mwanafunzi. Wakahesabu pumzi zao. Ukaendelea.

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi na tisa ulijaa.

Batholomeo akapiga simu. "Imefika! Tumsifu, imo stooni, ichukue!"

"Naiona," Tumsifu akasema. "Naivuta. Subiri." Kisha akarudi simuni. "Huku nako mtandao ni wa kujikongoja. Inasema dakika ishirini na tano."

"Mwambie rubani asubiri!"

"Rubani anaangalia jua, haniangalii mimi. Akichelewa, kiza kinamkuta hewani."

"Tumsifu, sikiliza. Nilikudanganya. Hawakuhamia juzi. Siku ile nilipohesabu walikuwepo. Sikuzunguka. Sijazunguka tangu Elisante aondoke. Isanza ni dada yangu. Unanisikia?"

Simuni palikuwa na mngurumo. Mwanzoni Batholomeo alidhani ni upepo.

"Hiyo ni nini?" akauliza.

"Injini," Tumsifu akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Amewasha mapema. Ngoja... nitakimbia... redio iko kwa..." Kisha mngurumo ukameza kila kitu, na simu ikakatika.

Alipiga tena. Haipatikani. Akapiga mara kumi na moja. Haipatikani. Mzee Anthony alikuja akasimama mlangoni, hana shati, majani yamemganda kifuani. Aliona nyuso zao, akarudi uani bila kuuliza.

"Lori la mnada linaondoka saa moja," Gideoni akasema. Hayo ndiyo maneno pekee aliyomwambia mpaka asubuhi.

*

Lori liliwashusha njia panda alfajiri, wakatembea saa nzima. Hakukuwa na upepo. Batholomeo alikuwa akivuta hewa puani kama mbwa, akitafuta harufu ya kitunguu kilichooza, na kila alipoikosa aliogopa kwamba pua yake imekufa kwa vumbi la njiani. Mwezi ulikuwa umekwisha kuzama. Gideoni alikuwa mbele, karibu anakimbia.

Kichaka cha Isanza kilijitokeza, cheusi, kimya.

Batholomeo akamshika Gideoni wasimame: kama dawa ilimwagwa, majani yangali mabichi kwa sumu. Batholomeo aliwajua ndege wale kuliko alivyowajua watoto wake. Kabla ya mwanga hulala kimya, hilo alilijua. Lakini wakifa pia ni kimya. Hakuweza kutofautisha. Kambi ilikuwa upande wa pili, na hakuna mbuzi aliyelia, hakuna mbwa aliyebweka. Akakaa chini, juu ya kichuguu kile kile alichokalia siku ya kuhesabu, akaweka viganja juu ya masikio kisha akaviondoa.

Mashariki kukapauka. Kukawa kijivu, kisha rangi ya maziwa.

Ndipo ndani ya kichaka mmoja akalia. Chip. Kisha wawili. Kisha kichaka kizima kikapasuka kwa kelele, kama mafuta ya moto yaliyomwagiwa maji, na ndege laki sita wakainuka kwa pamoja, wakafunika anga, wakageuka mara moja kuelekea kwenye mashamba ya mtama, mtama wa Zipora ukiwemo. Wazima wote. Batholomeo alilia kwa sauti. Miaka ishirini alikuwa hajapata kufurahi kuwaona.

Gideoni hakusubiri tena. Alikwenda moja kwa moja kati ya miiba, akimwita mke wake kwa jina.

Batholomeo hakumfuata. Alishuka kwenye kichuguu, akaanza kukizunguka kichaka kwa miguu, kutoka kusini. Magoti yaliuma. Alikuta mizinga miwili. Alikuta njia ya mbuzi. Upande wa magharibi aliona moshi, kisha kisima cha mchanga, kisha nyayo ndogo za watoto kandokando ya maji, mbichi. Zipora alikuwa anakuja kumpokea, kibuyu mkononi, uso umejaa mshangao kwa kuwa Gideoni alikuwa amekaa chini mlangoni mwa kibanda na hataki kusema.

"Kaka, mbona mmekuja kama polisi? Nani amekufa?"

"Mko wangapi hapa?"

"Wangapi? Kaa unywe maziwa kwanza."

"Zipora, mko wangapi?"

Akamhesabia, akicheka: yeye, mama mzee, watoto wanne, wachungaji watano. Kumi na mmoja. Batholomeo akatoa fomu mfukoni, akaiweka juu ya goti. Aliandika kumi na mmoja, akasaini sanduku la pili. Kisha akasimama, akamalizia upande wa kaskazini.